Filimbi Chini ya Makande

Vinusi vilirudi mapema mno, na Namsifu akajua papo hapo kwamba habari haikuwa njema. Nyumba isiyo na kitu huvichosha. Huzunguka paa, huingia kila tundu, hutambaa chini ya vitanda, na jua likianza kushuka bado vinatafuta. Hivi viliingia darini mara moja tu, vikatoka kabla chai haijapoa, vidude vyeusi vya chuma visivyozidi ukubwa wa nyigu, vikajipanga vyenyewe ndani ya kopo la mkaguzi kama watoto wa shule walioitwa mstarini.

Mkaguzi alikuwa binti wa Mbeya, jina lake Tumpale, aliyeletwa huku milima ya Upare na Mamlaka ya Viumbe. Alikuwa amevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kabla hajafungua kopo lake alikwenda chumba cha nyuma kumwamkia Bibi Nakijwa, mama yake Namsifu, ambaye miguu ilimgomea mwaka uliopita na tangu hapo dunia yake ni kitanda na dirisha. Alimshika mkono, akamwuliza amelalaje, akangoja ajibiwe. Namsifu aliliona hilo akaliweka moyoni. Lakini sasa binti alikuwa anasoma habari za vinusi kwenye kioo chake cha mkononi, na hakuinua macho.

"Sema, mwanangu. Kuna nini?"

"Perere, mama. Wako darini. Dume, jike na watoto wao."

"Perere? Hawa wa msituni wanaolia kama mtu anakabwa?"

"Hao hao."

"Darini kwangu wamefuata nini? Nimezaliwa kijiji hiki cha Kirindi, sijapata kuona perere analala chini ya bati."

"Hata mimi nashangaa. Ila kinusi hakikosei, mama. Kinanusa mkojo, kinanusa pumzi, hata unyoya mmoja uliodondoka kinajua ni wa nani na umedondoka lini."

"Mimi nilisema!" Bibi Nakijwa alidakia kutoka chumbani. "Nilisema kuna watu juu, wewe ukaniambia ni paka wa Niwaeli. Paka gani anakojoa namna hii? Njooni mtazame dari yangu, kama ramani."

Hakuna aliyecheka. Ukuta wa nyuma wa nyumba, ule wa upande wa bonde, ulikuwa umepasuka wakati wa masika, na tangu hapo ulikuwa unainama nje kidogo kidogo. Namsifu alikuwa amekwisha kusomba mawe. Alikuwa amekwisha kukata nguzo. Kilichobaki kilikuwa ruhusa, na mvua za vuli zilikuwa zinanukia kwenye upepo.

Sheria yenyewe aliijua, na zamani aliishangilia. Pwani na mabonde yalipogeuka tanuri, wenye uwezo wote walikimbilia milimani kutafuta baridi, na kila mmoja alitaka kujenga. Miti ilianguka mpaka chemchemi zikakauka. Ndipo ikaamriwa kwamba hakuna jembe wala nyundo kugusa mahali kabla vinusi havijapita, na akipatikana kiumbe anayelindwa, kazi isimame mpaka aondoke kwa hiari yake. Siku ile walicheza ngoma kijijini. Namsifu alicheza mpaka kanga ikamdondoka.

Tumpale alitoa kwenye mkoba kitu bapa cha kijani, mviringo kama kisahani cha chai, akakibandika ukutani karibu na mlango. Kikawaka.

"Hii sahani inasikia," alisema kwa upole. "Nyundo, jembe, hata msumari. Nakuomba, mama, usiifanye iniite. Ikiniita lazima nije, na nikija lazima niandike."

"Na ukuta ukianguka, huo nao unasikia?"

Binti aliinamisha kichwa. "Naupiga picha. Naomba kibali cha dharura leo leo. Lakini Mamlaka wanachukua muda."

"Hebu niulize," Bibi Nakijwa alisema, sauti yake sasa imetulia. "Na kama hawakuja wenyewe? Kama kuna mtu kawaswaga?"

"Hapo ni jambo lingine, bibi. Mnyama akiswagwa na mtu, kufuli, hili katazo la kujenga, inamfuata aliyeanza kuswaga. Inatoka kwako inakwenda kwake. Na yeyote aliyetia mkono katikati naye anafungiwa, mwaka mzima hajengi wala hatumii alichojenga." Alivaa viatu. "Lakini ni vigumu kumpata. Nani atakubali?"

*

Ufa ulifunguka. Mwanzoni Namsifu aliweza kupitisha kidole, baadaye kiganja. Alisogeza kitanda cha mama yake mpaka katikati ya chumba, halafu akakihamishia sebuleni, lakini ukuta ule ndio ulioshika boriti, na boriti ndiyo iliyoshika paa lote. Ukienda ukuta, hakuna chumba cha kukimbilia.

Asubuhi moja hakuvumilia tena. Alichukua nguzo moja, akaiegemeza ukutani kwa nje, akaipiga kwa jiwe ili ishike.

"Ndugu mpendwa," ilisema sahani, kwa sauti ya mwanamke aliyeshiba. "Umegusa makazi ya kiumbe anayelindwa. Tafadhali weka chini kifaa chako kabla hatujamwita mkaguzi. Tunathamini ushirikiano wako."

"Funga mdomo!"

"Ndugu mpendwa, umegusa—"

"Mimi ndiye kiumbe!" Namsifu alipiga kelele, jiwe mkononi, mbele ya kuku na migomba. "Mimi! Na yule bibi mle ndani! Sisi nani anatulinda?"

"Tunathamini ushirikiano wako," ilisema sahani.

Alilitupa jiwe. Akakaa chini kwenye udongo, hasira zikamtoka machoni. Juu yake, pale bati lilipoachana na ukuta, palikuwa na uso mdogo wa rangi ya kahawia, masikio ya mviringo, pua yenye unyevu. Mtoto wa perere alikuwa anamtazama bila kupepesa, kama anayengoja kuambiwa kelele zile zilikuwa za nini.

"Na wewe usinitazame," Namsifu alimwambia.

Mchana wake akaja Niwaeli, jirani wa upande wa juu, rafiki yake tangu wote wawili wakiwa hawajaota meno ya utu uzima. Alikuwa na kikapu kichwani.

"Nimewaletea makande. Yana nazi kidogo, Bibi anapenda." Hakukaa. Kwa kawaida Niwaeli alipokuja alikaa mpaka chai ikapikwa mara ya pili. Leo alisimama mlangoni akaitazama sahani ya kijani, akatazama pembeni. "Sufuria utanirudishia ukimaliza. Usiwe na haraka."

"Huingii?"

"Nimeacha moto."

Namsifu alimlisha mama yake kwanza. Makande yalikuwa laini, mahindi na maharage yamepondeka vizuri, mtu alikuwa ameyasimamia. Aliponyanyua kitambaa kilichokuwa chini ya sufuria ili akikung'ute, kitu kikadondoka sakafuni kikalia kwa mlio wa chuma.

Kilikuwa kama filimbi ya mwamuzi wa mpira, ila ndefu zaidi, na ubavuni ilikuwa na kijitundu cha taa. Aliipuliza kidogo tu, pumzi ya kujaribu. Hakusikia kitu. Lakini meno yake yalitetemeka mpaka kwenye fizi, na juu ya dari perere wote walilipuka, kucha zikakwaruza bati, mtoto mmoja akalia.

Akaitoa mdomoni. Bibi Nakijwa alikuwa ameacha kutafuna.

"Imetoka wapi hiyo?"

"Kwenye kikapu cha Niwaeli."

Mama yake alimeza. Alitazama sufuria, akatazama filimbi, akatazama dari. "Makande yana nazi," alisema taratibu. "Nilijiuliza leo kuna sherehe gani."

*

Niwaeli alikuwa jikoni kwake, jiko jipya la mawe alilolimaliza mwezi uliopita baada ya lile la zamani kuungua na yeye kupika kwenye mvua akiwa amejifunika gunia. Namsifu aliingia bila kubisha hodi, akaiweka filimbi juu ya kinu.

"Umesahau kitu chako."

"Sikusahau." Niwaeli hakugeuka. "Nilitaka uipate."

"Basi sema kwa mdomo wako. Nataka kusikia."

"Walikuwa darini kwangu, Namsifu. Mawe ya jiko nimesomba nusu, nikasikia vinusi vinakuja wiki ile. Nikawapulizia. Wakashuka. Sikujua watasimama kwako."

"Ulisimama wapi ukapuliza?"

"Nyuma ya migomba."

"Migomba gani?"

Niwaeli alisukuma ukuni motoni.

"Migomba gani, nakuuliza."

"Ile uliyonipa machipukizi yake."

"Eti hukujua watasimama kwangu! Chini yako kuna nyumba ya nani nyingine? Ya bwana mkubwa gani?" Sauti ya Namsifu ilipanda mpaka kuku wakatawanyika. "Uliniona nikimbeba mama mgongoni kwenda msalani kwa sababu kile chumba hakipitiki. Umekuja kutazama ufa wangu, umetia mkono ndani yake, ukasema pole! Halafu unanipikia nazi!"

"Ningekupikia nini?" Niwaeli aligeuka sasa, na uso wake ulikuwa umelowa. "Ningekuletea mikono mitupu? Mimi mwenyewe niliipata chini ya ndizi za kuchemsha. Mama Ndeviseria wa hapo juu alizileta mwenyewe, moto moto, akasema nimekukumbuka. Na yeye iliingia kwake chini ya mayai. Kila nyumba, Namsifu. Wanashuka wale perere, halafu inashuka filimbi na chakula."

"Nyumba ngapi?"

"Mlima mzima. Kuanzia kwa Mbonea, pale uzioni."

Namsifu alivuta kigoda, akakaa.

Kila mtu wa Kirindi alikumbuka siku vinusi vilipotumwa msitu wa juu, kabla kampuni ya Makazi ya Mawinguni haijazungushia uzio miti ile mikubwa na maporomoko ya maji. Vilizunguka mpaka jioni. Msitu ambao watu walikua wakiwasikia perere wake wakiitana kila usiku ulionekana mtupu, bila hata unyoya mpya mmoja. Kampuni ikapata ruhusa, misumeno ikaingia. Watu walisema labda joto limewaua.

"Mbonea naye ililetwa chini ya chakula gani?"

"Mbonea alipewa mfuko wa sukari na koti. Mwenye kampuni, yule wa gari jeupe, alimwambia: kuna vipanya vimekimbilia darini kwako, mzee wangu, vikikusumbua puliza hii. Ikawa hivyo. Wanasema kilio kilichomo ndani ni cha perere jike akiwa mtegoni. Ndiyo maana wanakimbia."

"Na hamkusema."

"Tuseme nini? Nimwambie yule binti kwamba Mama Ndeviseria alinipulizia mimi, na mimi nikakupulizia wewe? Wamfungie yeye kibanda cha mbuzi, wanifungie mimi jiko hili? Nirudi kwenye gunia?"

"Bora nyumba yangu ianguke."

"Sikusema bora. Nimesema niliogopa." Niwaeli alijifuta kwa upindo wa kanga. Halafu akasema kwa sauti ya chini, akiwa hamtazami, "Pulizia chini. Mara moja tu. Ukuta wako utausimamisha kesho yake."

"Chini yuko Nanzia na mtoto wake mchanga."

Kwenye jiko chungu kilikuwa kinaungua, na hakuna kati yao aliyenyoosha mkono kukitoa.

*

Nanzia alikuwa anaishi chini ya turubai. Mume wake alikuwa bondeni kwenye mashamba ya miale, yanayovuna umeme wa jua, akituma alichopata, na yeye alibaki na mtoto mchanga na kiwanja kilichopigwa vigingi na kamba. Msaragambo wa kumchimbia msingi ulikuwa umepangwa wiki ile. Huko Upare nyumba haikuwahi kuwa kazi ya mwenye nyumba peke yake. Siku ya msaragambo kila mlango unatoa mtu, kila mtu anabeba jiwe, na asiyeweza kubeba anapika. Vinusi vingepita asubuhi ile ile, kwanza, halafu majembe.

Namsifu alishuka huku filimbi ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Alijiambia anakwenda kutazama tu. Alijiambia pia kwamba Nanzia ni kijana, ana mgongo mzima, anaweza kungoja mwaka.

"Shangazi! Karibu! Nishikie huyu kidogo, mikono imekufa." Mtoto alikuwa mikononi mwake kabla hajajibu, mzito na mwenye joto, ananuka maziwa. "Njoo nikuoneshe. Hiki chumba chetu. Hiki cha mtoto. Hapa jiko, nimeliweka mbali na upepo."

"Na hapa?" Kulikuwa na mraba mdogo nje ya kamba, umepangwa kwa mawe madogo.

"Hapo ni baraza ya Bibi Nakijwa." Nanzia alicheka kwa aibu. "Jua la asubuhi linapiga hapo. Nilipokuwa na mimba alinikanda mgongo kwa mikono ile ile inayotetemeka, unakumbuka? Nikasema nyumba ikiisha, tutambeba tumlete akae hapo aote jua. Sijui kama atakubali."

Namsifu alitamani Nanzia awe mtu mbaya. Alitafuta kwa haraka jambo lolote, neno baya, mbuzi aliyeingia shambani, deni la chumvi. Hakupata. Hasira aliyokuja nayo haikuwa na mahali pa kukaa, ikarudi yote juu yake na kumchoma.

"Atakubali," alisema. Akamrudisha mtoto.

Alipanda mpaka nyuma ya nyumba yake, upande wa mlima, mahali ambapo ukipuliza wanyama hukimbia chini. Jua lilikuwa linagusa matuta ya tangawizi. Alifungua pindo. Akaiweka filimbi mdomoni. Ilikuwa na ladha ya chuma na mafuta ya kupikia, mafuta ya majiko yote iliyopitia. Kutoka pengo la bati yule mtoto wa perere alitoa kichwa tena. Safari hii mama yake alikuwa nyuma yake, na alipoiona filimbi alimfunika mtoto kwa mwili wake mzima. Hakukimbia. Labda hakuwa na pa kukimbilia alipopajua.

Namsifu alisimama hivyo mpaka mate yakamjaa mdomoni. Kisha akaitema filimbi kiganjani, akaingia ndani.

"Hukupuliza," alisema Bibi Nakijwa kutoka sebuleni.

"Sikupuliza."

"Mjinga wewe." Akapigapiga kitanda kando yake. "Njoo ukae."

Walikaa. Ukuta ulitoa mlio, kama kiti kinachokaliwa na mtu mzito.

"Nikimwambia yule binti, kufuli inatoka," Namsifu alisema. "Lakini atauliza nani aliniletea. Nikitaja jina, Niwaeli anafungiwa jiko. Nisipotaja, tunangoja hapa mpaka mvua itufukie. Mama, nimemkasirikia mpaka nataka kulichoma moto lile jiko mwenyewe. Lakini kumtaja! Kumtaja mbele ya serikali, Niwaeli!"

"Yule wa kampuni alijua," alisema mama yake. "Hakutupatia filimbi tufukuze perere. Alitupatia ili kila mmoja awe na kosa, tusiweze kusema." Alimshika mwanawe kifundo cha mkono. "Mtaje au usimtaje, mimi nitakuwa upande wako. Ila kama unakwenda kusema, kaseme kwa sauti, na kaseme mbele yake. Usimpitie kwa nyuma ya migomba."

*

Siku ya msaragambo watu walijaa kiwanjani kwa Nanzia, majembe begani, wanawake na masufuria. Wanaume wawili walimbeba Bibi Nakijwa kwenye kiti wakamweka kwenye ule mraba wa mawe madogo, na Nanzia akamtandikia kanga miguuni. Tumpale alifika na kopo lake. Alivua viatu hata hapo, palipokuwa udongo mtupu, kwa sababu ilikuwa nyumba ya mtu tayari.

Vinusi viliruka, vikazunguka, vikarudi polepole.

"Pako safi," alisema Tumpale, akatabasamu. Watu wakapiga vigelegele. Majembe yakanyanyuka.

"Ngoja," alisema Namsifu.

Alitembea mpaka katikati ya kamba, akanyoosha kiganja. Filimbi ilimeta juani. Vigelegele vilikatika, na namna vilivyokatika, ghafla, kila koo kwa wakati mmoja, ilimwambia Tumpale jambo kabla hajaambiwa.

"Perere walio kwangu hawakuja wenyewe," Namsifu alisema. "Waliswagwa kwa hii. Nilitaka kuwaswagia huyu msichana mwenye mtoto mchanga. Niliiweka mdomoni. Nataka mjue mlikonifikisha."

Tumpale aliichukua filimbi kwa vidole viwili. "Mama," alisema taratibu, "nani alikupa?"

Namsifu alifungua mdomo. Aliona jiko la mawe. Aliona gunia, na mvua, na Niwaeli chini ya gunia. Akaufunga mdomo.

"Bila jina siwezi kuihamisha kufuli, mama. Samahani."

Kisha nyuma ya masufuria mtu akaangusha mwiko.

"Mimi," alisema Niwaeli. Alikuja mbele akijikwaa, mikono yake ina unga mpaka viwikoni. "Andika. Mimi nilimpa, kwenye makande. Niliwapulizia perere kutoka darini kwangu wakaingia kwake. Jiko langu ni lile la mawe, huwezi kupotea." Kisha akageuka kwa umati, na sasa alikuwa anawaka. "Mnaangalia nini chini? Mmepoteza sindano? Mama Ndeviseria, zile ndizi zilikuwa tamu sana! Waambie zilikuwa na nini chini yake!"

Mama Ndeviseria alijishika kifua. "Shetani wewe, Niwaeli." Akavuta pumzi. "Mimi nilimpa yeye. Na mimi nililetewa na Elisaria, chini ya mayai."

"Mayai yenyewe yalikuwa viza," mtu alinong'ona, na kicheko kimoja kikatoka kikafa.

Elisaria alivua kofia. Akamtaja aliyempa, naye akamtaja wake, na hivyo sauti zikawa zinapanda mlima, nyumba kwa nyumba, nyingine kwa kulia, nyingine kwa hasira, mmoja akitukana na mwenzake akiomba radhi, mpaka zikafika kwa mzee aliyesimama pembeni kabisa akiwa na koti jekundu lenye jina la Mawinguni mgongoni. Hapo zikakwama.

"Mzee Mbonea," alisema Tumpale. "Wewe ulipewa na nani?"

Mbonea alikuwa mlinzi wa geti la kampuni sasa. Alitazama viatu vyake, navyo vilikuwa vya kampuni.

"Mimi… niliokota."

Kelele zilizopanda zilikuwa mbaya, kelele za watu waliokwisha kujivua nguo mbele ya mgeni wakaona mmoja wao amebaki amevaa. Namsifu alimwendea mpaka uso kwa uso.

"Uliokota," alisema. "Basi wewe ndiwe wa kwanza, baba. Kufuli inakuja kwako, na wale wanakunywa chai kwenye maporomoko yetu. Wewe utafungiwa nyumba, Niwaeli atapika mvuani, na koti lako litakuwa zuri sana."

Tumpale alikuwa ameifungua filimbi ubavuni. "Sauti iliyomo hamwezi kuisikia kwa sababu iko juu mno," alisema. "Naweza kuishusha."

Aliigusisha kwenye kioo chake. Kikatoka kilio. Watu walirudi nyuma, akina mama wakashika watoto wao, maana ilikuwa sauti ya mzazi, haikuhitaji kuelezwa. Kilirudiwa, na kurudiwa. Na nyuma ya kilio, mbali, kulikuwa na mngurumo mwingine, mzito, usiokatika.

"Ni maji," alisema Bibi Nakijwa kwenye kiti chake. "Ni maporomoko yetu. Yako karibu kabisa."

Hawakuwa wameyasikia tangu uzio uliposimama. Watu wazima walisimama na majembe mikononi wakisikiliza maji yao yakianguka ndani ya kitu kidogo cha chuma, na yule jike akilia juu yake, mahali alipotegewa.

Mbonea alianza na vifungo vya koti. Kimoja kilikwama, akavuta kwa nguvu kifungo kikaruka. Alilivua koti, akalikunja vizuri, kwa sababu ni mtu nadhifu, akaliweka chini.

"Ni yule wa gari jeupe," alisema. "Nilijua ni perere. Aliposema vipanya, nilijua."

*

Tumpale aliibandua sahani ukutani kwa Namsifu, na ilitoka na kipande cha plasta. Alisema wazi: kampuni watakana, wataleta watu wa suti, hajui mwisho wake. Lakini leo geti lao halitafunguka. Akabandika sahani nyingine kwenye jiko la mawe la Niwaeli, na Niwaeli mwenyewe akamshikia ngazi. Watu wakamfuata binti kupanda mlimani, kundi zima, wakiimba wimbo wa msaragambo kwa namna ambayo hata mbwa walijificha.

Namsifu hakupanda. Alikwenda nyuma ya nyumba, akachukua nguzo, akaiegemeza kwenye ukuta ulioinama. Haikushika. Akaisukuma kwa bega, ikateleza. Mkono mwingine, wenye unga mpaka kiwikoni, ukaja ukaishika upande wa chini.

"Bado nimekukasirikia," Namsifu alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Nitakukasirikia muda mrefu."

"Najua. Nipandishe kidogo, au inatosha?"

"Pandisha." Alilitafuta jiwe lake pale alipolitupa. "Jioni uje upike kwangu. Mama hapendi makande yangu, anasema ni magumu."

Alilinyanyua jiwe akapiga, kwa nguvu zote, kwa ajili ya gari jeupe, kwa ajili ya sauti ya mwanamke aliyeshiba, kwa ajili ya migomba. Ukuta ulitetemeka. Darini kucha zilikimbia, na perere wakapiga ukelele mmoja wa kuchukia.

"Nyie wanawake!" Bibi Nakijwa aliita kutoka baraza ya Nanzia, bonde zima likasikia. "Pigeni polepole! Kuna watoto wamelala!"

Namsifu alisimama na jiwe hewani, akihema. Akamtazama Niwaeli. Akapiga tena, polepole.